Nilikuwa naishi Mwanza kwa pasi ya mke wangu. Tulipoachana, nusura nichukue baba wa mtu mwingine

Wakuu, salaam kwa wote, wachangiaji wa kila siku na wale mnaopita kimya kimya kama nilivyokuwa napita mimi miaka yote hii.

Leo nimeamua kuandika. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijayasikia kijiweni. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wapo hai na wana simu kama nyie.

Kiswahili changu kikiyumba mahali mnivumilie. Mimi ni Mganda wa Masaka. Kiswahili nimekikuta Mwanza nikiwa mtu mzima, karakana, nikifundishwa na mafundi ambao nusu ya maneno yao siwezi kuyaandika hapa mods wakaniacha.

Twende taratibu.

Nilikuja Mwanza na kampuni moja ya ujenzi iliyokuwa inalaza mabomba ya maji. Mimi ni welder. Kampuni ilishughulikia vibali vyote, cha kazi na cha kuishi. Kazi yangu ilikuwa kuvaa kofia ngumu na kuchomelea.

Huko huko nikampata Leticia. Mwalimu wa sekondari, Ilemela, Msukuma, Mkatoliki kama mimi. Mrefu, anaongea taratibu, ila akishaongea ameongea. Tukafunga ndoa, akazaliwa binti yetu Suzi.

Mradi ukaisha. Kampuni ikafungasha mitambo ikaondoka, na vibali vyangu vikaishia hapo.

Kwa wasiojua: mgeni aliyeoa au kuolewa na Mtanzania anaweza kuombewa dependant pass, pasi ya mtegemezi. Mwenzi wako Mtanzania ndiye mdhamini. Anaandika barua kwamba huyu ni mume wangu, naishi naye, nitamtunza. Unakaa nchini kihalali, lakini ile pasi peke yake haikuruhusu kuajiriwa.

Leticia alipomaliza kuandika ile barua aliisoma kwa sauti sebuleni, kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Umesikia? Wewe ni mtegemezi wangu. Nenda kaoshe vyombo."

Tulicheka sana siku ile.

Wakuu, kicheko kile hakikudumu.

Maana maisha yenyewe yalikuwa hivi. Asubuhi mke anaenda kazini, mimi nampeleka Suzi shule. Narudi, nafua, naenda mwaloni kununua samaki, napika. Jirani ananiletea geti nimchomelee, nakataa, kwa sababu naogopa pasi yangu. Mafundi niliokuwa nawafundisha kazi wananipita na pikipiki zao wananipigia honi.

Mtaani nilikuwa na jina. Marioo, mwanaume wa kulishwa na mke. Hawakuniita usoni, lakini watoto hawana siri. Siku moja Suzi alirudi kutoka kucheza akaniuliza, "Baba, marioo ni fundi wa nini?"

Leticia hakuwahi kunisimanga, nataka hilo lieleweke. Alipandishwa cheo akawa anachelewa kurudi, na mimi nikawa mtu wa kukaa na simu na kujibu "mm". Hatukupigana wala hakukuwa na mchepuko. Nyumba ilipoa tu, kama chai iliyosahaulika mezani.

Jumapili moja tumetoka kanisani, Suzi amekimbilia kwa wenzake, akaniambia:

"Baba Suzi, mimi sikuchukii. Lakini siku hizi nikifika getini nasimama kwanza nivute pumzi ndiyo niingie. Mtu hawezi kuishi hivyo."

Sikumbishia, kwa sababu na mimi nilikuwa nasimama pale pale getini kwa upande wangu.

Nikapanga chumba Igoma. Tukakubaliana kwamba Suzi nitaendelea kumchukua shule jioni, namfikisha kwa mama yake, narudi kwangu. Vyombo vyangu vya kuchomelea nikavisukuma chini ya kitanda.

Wiki za kwanza niliumia mapenzi kama mtu yeyote. Halafu siku moja natafuta picha ndogo za Suzi kwenye begi, mkono ukakuta passport. Nikaifungua tu.

Pasi ilikuwa imebakiza miezi michache. Na kuiombea upya kulihitaji barua mpya ya Leticia kwamba tunaishi pamoja.

Toka siku ile sikulia tena mapenzi. Nilianza kuogopa.

Sijui kama kuna mtu humu amewahi kuishi na hofu ya makaratasi. Haiumi sehemu moja. Nikimwona trafiki, navuka barabara. Nikisikia mtu anaongea Kiingereza cha ofisi nyuma yangu, nageuka. Nilikuwa bado nipo kihalali kabisa, pasi haijaisha, lakini mwili ulishaanza kutembea kama wa mtuhumiwa.

Asubuhi moja polisi waliingia uani kwetu pale Igoma. Walimfuata mpangaji aliyepigana baa. Mimi nilipoona sare tu, nikazama bafuni nikafunga kwa komeo. Walikaa, wakaongea, wakaondoka na mtu wao. Nilipotoka nikamkuta mama mwenye nyumba amesimama na ndoo.

"Baba, una kesi gani wewe?"

"Sina kesi mama."

"Mtu asiye na kesi haendi kuoga na viatu."

Niliangalia miguu yangu. Ni kweli nilikuwa na viatu, na taulo sina.

Mtaniuliza, kwa nini usimwambie Leticia? Ni swali la haki. Mosi, kiburi. Nitamwendeaje mwanamke aliyeniambia tuachane nimwombe aandike ananitunza? Pili, nilishasikia kuna mwalimu mwenzake anamshauri ajitoe udhamini haraka, eti nikifanya kosa litamwangukia yeye. Sikujua ameamua nini. Nikawa namkabidhi mtoto mlangoni, tunaulizana habari za homework, naondoka.

Na wengine mtasema, si urudi kwenu, Masaka si mwezini? Kweli si mwezini. Lakini Suzi ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, na anasoma herufi kwa Kiswahili na kuhesabu samaki kwa Kiganda. Niliambiwa na watu wa kijiweni kwamba ukikamatwa unarudishwa na kupigwa marufuku kuingia. Baba wa kwenye video call sikutaka kuwa.

Hapo ndipo anaingia Deo.

Deo tulikuwa naye kwenye mabomba. Siku hizi ana duka la spea za pikipiki Kisesa. Mtu mwema, mchangamfu, anapenda kusaidia kuliko anavyopenda kufikiri. Nilimweleza yote tukiwa tumekaa dukani kwake, akacheka.

"Wewe unahangaika nini? Kisukuma unakiongea kuliko hawa watoto wa mjini. Sura hiyo nani atasema si yetu? Unachohitaji ni baba tu."

"Baba?"

"Baba Mtanzania. Anakwenda anaapa wewe ni mwanawe uliyezaliwa hapa ukapelekwa Uganda mdogo. Unapata cheti cha kuzaliwa, baadaye kitambulisho. Umemaliza. Na baba nimekupatia tayari, ni baba yangu mkubwa. Amekubali."

Nilimuuliza huyo mzee anafaidika nini. Deo akasema hataki kitu, ana roho nzuri tu.

Wakuu, nisiwafiche. Sikukataa. Nilikwenda nyumbani nikaanza kujizoeza kujitambulisha kwa jina jipya mbele ya kioo. Lilikuwa linatoka vizuri.

Jumamosi Deo akanipeleka. Ni ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Kisesa, nyumba ya matofali, zizi lenye ng'ombe wachache, mawe makubwa nyuma ya nyumba kama yalivyo kote huku. Mzee Ngassa, huyo baba mkubwa wa Deo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nililiona lile shati nikashangaa. Mtu anavaa hivyo kwenda kanisani au harusini.

"Shikamoo mzee."

Hakujibu marahaba. Alisimama. Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili akaugeuza, akaangalia kiganja, halafu akaniangalia masikio, moja, na la pili.

"Ng'wanawane," akasema. Mwanangu.

Nikamgeukia Deo. Deo alikuwa anaangalia ng'ombe.

Tukakaa. Wakaleta michembe, viazi vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, na nikaona jikoni kuna wanawake wengi kuliko kawaida ya nyumba ile, na kuna kuku wanachemka. Ilikuwa imeandaliwa shughuli.

Mzee akaanza kuongea, taratibu, Kiswahili na Kisukuma vikipokezana. Alisema zamani alikuwa na mke kutoka ng'ambo, Mganda, aliyekuja na wafanyabiashara wa samaki. Walizaa mapacha, Kulwa na Doto, wakafa wadogo. Akafuata mtoto wa kiume, na huku kwa Wasukuma anayefuata mapacha anaitwa Shija. Mama yake hakuweza kuendelea kukaa kwenye nyumba iliyozika watoto wawili. Alimbeba Shija mgongoni akarudi kwao, akasema anakwenda kupumzika. Hakurudi tena.

"Nilikwenda mpaka Bukoba," mzee akasema. "Sikuwa na jinsi ya kuvuka. Nikarudi."

Halafu akaniuliza, "Mama yako yuko hai?"

Mama yangu yuko hai, yuko Masaka, anauza ndizi na ana presha. Nikajibu ukweli kabla sijafikiri: "Yuko hai."

Yule mzee alifunika uso kwa kiganja.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho Deo hakuniambia. Mzee hakuwa ameombwa amsaidie mgeni kupata karatasi. Alikuwa ameambiwa mwanawe amepatikana.

Nilitaka kusimama, nikashika tena kikombe cha maziwa. Wakuu, mnajua kuna hali ambayo uongo unakuwa umeshatengenezwa tayari, wewe kazi yako ni kukaa kimya tu? Sikuhitaji hata kutamka neno. Ningekunywa maziwa, ningekula kuku, ningeitwa Shija, na matatizo yangu yote yangeishia pale. Na mzee angefurahi! Hilo ndilo lililonichanganya. Nilijiambia, ubaya uko wapi? Yeye anapata mtoto, mimi napata nchi.

"Una mtoto?" mzee akauliza.

"Ninaye. Wa kike. Suzana."

"Anatumia jina la nani?"

"Langu. Suzana Lubega."

Akatabasamu, akanipiga gotini kidogo. "Basi naye tutambadilisha. Atumie Ngassa. Mjukuu wangu hawezi kutembea na jina la watu."

Hapo kikombe nikakiweka chini.

Maana cheti cha kuzaliwa cha Suzi kinasema baba yake ni Lubega. Mimi nikishakuwa Shija Ngassa, huyo Lubega hayupo tena. Nilikuwa nataka kubaki Mwanza kwa ajili ya binti yangu, na njia niliyoichagua ilikuwa inamfanya asiwe na baba kwenye karatasi yoyote ya dunia hii. Siku nikitaka kumsainia shuleni, nitasaini kama nani? Akiumwa, nitasema mimi ni nani yake?

 Mzee akasogeza kiti.

"Niambie kwa mdomo wako. Wewe ni Shija?"

Jikoni walikuwa wameacha kuongea.

"Hapana baba," nikasema. "Mimi si Shija. Mama yangu hajawahi kufika huku. Nilikuja kutafuta karatasi. Sikujua kama umeambiwa hivi. Nisamehe."

Deo akaanza kusema kitu, mzee akanyanyua kidole tu, Deo akatoka nje.

Tulikaa.  Nilikuwa nasubiri anifukuze, au anipige na ile fimbo yake, na ningekubali.

"Ungeitikia," akasema mwishoni, "nisingekuuliza mara ya pili."



"Kula. Kuku ameshachinjwa."

Nilikula wakuu. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile. Wakati wa kuondoka akanisindikiza mpaka kwenye njia, akaniuliza kama kwetu Masaka ni mbali na sehemu za ziwani. Akasema nikifika huko niulizie. Jina la mama wa Shija alilokuwa analijua yeye ni moja tu, Nalongo.

Wabantu wa Uganda mliomo humu mmeshaelewa. Nalongo si jina, ni cheo cha kila mama aliyezaa mapacha. Na mtoto anayefuata mapacha kwetu huitwa Kizza. Yaani alikuwa ananiomba nimtafute Kizza mtoto wa Nalongo, Buganda nzima. Nikamwambia nitauliza.

Na Deo? Tuligombana pale njiani. Alisema, "Nilitaka kuwafurahisha wote wawili." Naamini alimaanisha. Ilichukua muda mimi kumpigia simu tena.

Nilitoka Kisesa sikwenda Igoma. Nilikwenda moja kwa moja Ilemela.

Leticia alikuwa kibarazani anamsuka Suzi, mtoto amekaa kati ya magoti yake analalamika. Aliponiona siku ambayo si ya shule akajua kuna jambo. Akamtuma Suzi ndani na nusu kichwa kimesukwa.

Nikamweleza yote. Pasi, bafuni, Deo, mzee Ngassa, jina la Suzi. Alisikiliza na kitana mkononi bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema:

"Mimi nilikuwa nasubiri uniulize. Kila siku ukimleta mtoto nasema leo ataniuliza. Hukuuliza. Nikajua umeshapata namna, unaondoka bila kuniaga."

"Nilisikia unataka kujitoa."

"Nilishauriwa. Sikuandika chochote. Ningeandikaje bila kukwambia?"

Nikaona mlango umefunguka. Nikaomba. Nikamwambia basi andika barua kama ya mwanzo, tunaishi pamoja, mara moja hii tu.

Leticia akatikisa kichwa.

"Hiyo siwezi. Sahihi yangu ndiyo ugali wa mtoto huyu. Na wewe umetoka kukataa uongo kwa mzee wa watu, unakuja kuuomba kwangu?"

Nilikasirika. Nilisimama kabisa niondoke. Moyoni nikasema, kumbe, kwa hiyo ndiyo imetoka.

Nimefika ngazi ya pili akaniita.

"Lubega. Sijamaliza. Kuandika siandiki, lakini kwenda nitakwenda na wewe. Tukaseme ilivyo."

Nilimwambia wakinikamata je. Akasema, "Wakikukamata nitakuwepo."

Nimeishi na yule mwanamke miaka, na nadhani siku ile, ndoa ikiwa imeshavunjika, ndiyo niliyomwelewa vizuri zaidi.

Tulikwenda siku ya kazi, yeye ameomba ruhusa shuleni. Ofisi ya Uhamiaji nilishafika mara nyingi, lakini siku hiyo viti vyake vilikuwa kama vya hospitali. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Tulipokelewa na mama mmoja mtu mzima, amevaa sare imenyooka. Akachukua passport, akaangalia, akatuangalia.

"Mmegombana au mmeachana?"

"Tumeachana," Leticia akasema. "Hatujafika mahakamani, lakini hatuishi pamoja. Tuna mtoto mmoja. Huyu ni baba yake na hajawahi kukosa kumchukua shule."

Yule afisa akanigeukia. "Unafanya kazi?"

"Sifanyi."

"Kwa nini umekuja sasa wakati pasi haijaisha?"

Nikamwambia ukweli: nimechoka kuogopa.

Aliandika kidogo. Halafu akatueleza, na naandika nilivyoelewa mimi, si sheria nawapa. Kwamba pasi ile ilisimama juu ya sisi kuishi kama mume na mke, na kama hatuishi hivyo haiwezi kuombewa tena kwa msingi huo. Kwamba mdhamini anatakiwa kuwaarifu, na tumefanya vizuri kuja wenyewe. Kwamba mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania, hilo halitikisiki, lakini mtoto kuwa raia hakumpi baba pasi. Kwamba nijiandae kutoka nchini kwa utaratibu, nigongewe mhuri mpakani kama mtu anayeheshimika. Nikitaka kuja kumwona mtoto, nije kama mgeni wa Afrika Mashariki na nisifanye kazi. Nikipata mwajiri, mwajiri aniombee kibali nami nisubiri nje ya nchi.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo sijapigwa marufuku?"

Akaniangalia kama mtoto wa shule. "Umefanya kosa gani?"

Wakuu, nimekaa miezi najificha bafuni, na hakuna aliyekuwa ananitafuta.

Lakini msidhani niliruka kwa furaha. Jibu lilikuwa bado ni ondoka. Tulitoka nje tukasimama barazani mvua ipungue. Leticia akanipa khanga aliyokuwa nayo kwenye mkoba nijifunike kichwa. Nikajifunika. Watu wakapita wanacheka, sikujali.

Kumwambia Suzi ilikuwa sehemu mbaya kuliko zote. Nilimweleza tumekaa kwenye mawe juu ya nyumba, ziwa linaonekana chini. Nilisema baba anakwenda kwao kutafuta ruhusa ya kurudi. Akauliza, "Kwani mimi nilikupa ruhusa ya kwenda?"  Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani japo alishakuwa mzito.

Nikaondoka kwa basi la Bukoba mpaka Mutukula, nikagongewa mhuri wa kutoka, nikavuka kwa miguu.

Masaka nilikaa miezi mingi kuliko nilivyotegemea. Nilichomelea madirisha kwa mjomba wangu. Nilikuja Mwanza mara mbili kama mgeni, nikamwona Suzi, nikarudi kwa wakati. Na niliuliza kuhusu Shija. Niliuliza kanisani, niliuliza kwenye mialo ya huko, nikapata akina Kizza kibao na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari ya baba Msukuma. Kama kuna mtu humu anamjua mtu wa aina hiyo, aliyelelewa Uganda akiambiwa baba yake ni mfugaji wa karibu na Kisesa, tafadhali njoo PM. Yule mzee bado yupo. Nilimpitia safari moja kumwambia sikufanikiwa, akanishukuru, akaniuliza habari za presha ya mama yangu.

Kazi ilipatikana nilikokuwa nimeacha kuitegemea. Foreman wangu wa zamani alikuwa amefungua karakana ya boti za chuma upande wa Ilemela, akakosa mtu wa kuchomelea chini ya boti pasiingize maji. Akaniombea kibali. Kilikataliwa kwanza kwa upungufu wa nyaraka, akaomba tena. Kusubiri kule kuliniotesha mvi. Mara nyingi nilifikiria njia ya Deo, nisiwadanganye. Kisha nakumbuka sauti ya mzee akisema "ungeitikia", naacha.

Kilitoka. Nilivuka Mutukula asubuhi. Kijana wa dirishani akafungua passport, akauliza kwa kawaida tu, "Unakwenda kufanya nini Tanzania?"

"Kuchomelea boti," nikasema. "Na kumchukua mwanangu shule."

"Andika moja tu hapo," akasema, bila kunyanyua macho.

Nikaandika kazi. Ya pili nikabaki nayo mwenyewe.

Sasa nilichojifunza, kwa faida ya walio kwenye hali kama yangu, hasa wanawake wengi wa Kenya, Burundi na Uganda walioolewa huku na wanatishiwa na waume zao kila wakigombana, "nitakurudisha kwenu".

Nenda ofisini mwenyewe mapema, kabla tarehe haijapita. Kaulize kwa mdomo wako, usiulize kijiweni. Kijiwe kilinifunga mimi miezi kabla serikali haijajua kama nipo. Ukiweza tafuta na mwanasheria, kesi hazifanani na mimi ni fundi tu. Na ukiwa wewe ndiye mdhamini, ndoa ikiisha usimwache mwenzako akisie umeamua nini. Mwambie.

Na karatasi ya uongo haikupi nchi peke yake. Inakuondoa pia kwa watu wanaokujua kwa jina lako.

Mimi na Leticia hatujarudiana. Wengi mtauliza, kwa hiyo nawahi kujibu. Tunasalimiana vizuri, tunagawana mtoto, na tarehe ya mahakama tumeshaipanga ili hata hilo likae sawa. Sina kinyongo. Kuna siku natamani, kuna siku sitamani.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyepitia haya kwa upande wa mdhamini aje aniambie, mlikuwa mnaogopa nini nyie? Maana mpaka leo hilo sijawahi kumuuliza Leticia vizuri, na nadhani ningetakiwa kuuliza kabla ya kupanga kile chumba Igoma.